Mbao Zisizo na Misumari

Nyinyi mliniacha juu ya ngazi wiki iliyopita mkaenda zenu kula. Mimi bado nipo huku huku, nyundo mkononi, misumari mdomoni, na chini yangu amesimama mama mkwe na fimbo yake.

Kwa waliochelewa nitasema kwa ufupi, maana aibu haipendi maelezo marefu. Kiwanda nilichokuwa nikikiendeshea lori la maziwa kilifungwa. Nikajinunulia msumeno wa nakshi, ule wa mezani wenye wembe mwembamba kama uzi unaopanda na kushuka, na mke wangu Tamara akaupa jina la cherehani. Kwa cherehani hiyo nikaanza kukata majogoo, korongo na maua kutoka mbao za kuokota: mabanda yaliyobomolewa, uzio uliolala, sakafu za nyumba zilizohamwa. Kijiji chetu kinapamba madirisha kuliko kinavyopamba mabibi harusi, kwa hiyo kazi haikukosekana.

Nikasifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilipanda darini, kwenye ghala la mama mkwe. Mbao za kwanza nilizozikuta, fupi fupi, zilikuwa nyuma ya mizinga ya zamani ya nyuki. Nikaziona ni za masanduku tu, nikazikata malaika kwa ajili ya madirisha ya kasisi wetu, Baba Konstanty, naye akawanyunyizia maji ya baraka. Niliporudi tena, chini ya nyasi kavu nikakuta mbao sita za msonobari, ndefu, nene, rangi ya asali. Hizo nikasema ni za nyumba yetu. Tuonekane na sisi.

Ubao wa mwisho ndio nilikuwa nikiupigilia juu ya dirisha, mama mkwe alipokuja.

"Anatol," alisema, "ukimaliza hao majogoo wako, panda darini uniteremshie mbao zangu."

"Mbao gani, mama?"

"Za jeneza langu. Ulidhani nitazikwa na gunia?"

Nilimeza msumari. Au nilidhani nimeumeza. Baadaye niliukuta kwenye mfuko wa shati, lakini tumbo lilikuwa limeshauma.

Sasa nanyi msinitazame hivyo. Mimi nilizaliwa mjini Białystok, ghorofani, ambako mtu akifa sanduku linaletwa kutoka dukani na gari. Huku kijijini mzee mwenye akili zake hangoji kifo kimkute hana mbao. Anazipasua mapema, anazilaza darini zikauke taratibu, naye anaendelea kulima viazi. Desturi hiyo nilikuwa nimeisikia. Sikujua kwamba imelala juu ya kichwa changu.

Na kusema kweli, mbao zenyewe ziliniambia. Mbao za kuokota zina misumari, ndiyo kanuni. Nusu ya kazi yangu ni kung'oa misumari, kwa sababu wembe wa cherehani ukigusa chuma unakatika papo hapo. Zile sita hazikuwa na hata tundu moja. Fundi mwenye ubongo angejiuliza: mbao zimekaa miaka yote darini, hazijapigiliwa popote, zinangoja nini? Mimi nilisema asante Mungu, leo sivunji wembe.

"Mama, mgongo unaniuma," nilisema kutoka juu ya ngazi.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Ajabu. Mgongo wako unaugua mbao zangu tu. Majogoo unawabeba vizuri." Akakohoa, akategemea fimbo. "Kesho kutwa ni sikukuu ya nabii Eliya. Marehemu mume wangu alikuwa akizishusha kila mwaka siku hiyo zipigwe jua. Tangu nivunjike nyonga sijaziona. Nataka kuziona, Anatol. Kifua hiki hakitanifikisha kwenye theluji nyingine."

Aliposema hivyo hakuwa anatania. Mama mkwe wangu, Bibi Eudokia, ana miaka themanini na minne, na kikohozi chake kinasikika mpaka kwa jirani.

Kisha akainua macho, akautazama ubao niliokuwa nikiupigilia.

"Mbao nzuri hiyo. Umeitoa wapi?"

"Huko na huko, mama."

"Huko na huko kuna mali," akasema, akaenda zake.

Jikoni Tamara alikuwa akikwaruza viazi vya keki ya viazi. Nikamsogelea kwa upole wa mtu aliyevunja sahani.

"Tamara, mama yako anasema ana mbao darini."

"Anazo. Baba alimpasulia."

"Sita?"

Mkono wake ukasimama. "Idadi unaitakia nini?"

Mwanamume mwenye busara angesema ameuliza tu. Mimi nikatazama dirisha. Naye akatazama nilikotazama, na pale juu ya kioo kulikuwa na majogoo wawili wa msonobari, vifua mbele, wenye furaha zao.

"Hapana," alisema Tamara.

"Hazikuwa na jina."

"Ulitaka ziandikwe? 'Mali ya Eudokia, tafadhali usinikate majogoo'?"

Nilitaraji anirushie kiazi. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akalia na mikono yake ikiwa na maji ya viazi, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Baba alikuwa na msonobari mmoja tu wa maana," alisema. "Ule wa nyuma ya kisima. Aliupasua mwenyewe. Siku zake zilipokaribia tukamwambia, baba, mbao si hizi hapa? Akasema, mimi nizikeni na mbao za kununua, zile msiziguse. Tukamzika na mbao za dukani, Anatol, zimejaa mafundo, kwa sababu nzuri alimwachia mama. Na wewe umezitia kwenye cherehani."

Niliona haya. Nalisema wazi, kwa kuwa gazeti halina macho ya kunitazama: niliona haya hadi masikio yakawaka.

Haya hiyo ilikuwa na mizizi. Mzee Bazyli, baba yake Tamara, hakuwahi kunipenda, au ndivyo nilivyoamini. Badala ya kumchukua binti yake nikaenda naye mjini, mimi ndiye niliyehamia kwao, na huku kwetu mwanamume wa namna hiyo wanasema ameolewa. Walinitania hivyo siku ya harusi na wananitania hivyo mpaka leo. Mzee mwenyewe hakutania. Siku ya harusi alisimama mbele yangu, akanitazama kutoka utosini hadi viatuni, akarudia tena kutoka viatuni hadi utosini, kisha akaondoka bila neno. Nimekaa na dharau ile maisha yangu yote ya ndoa.

"Utatafuta nyingine," Tamara alisema, akajifuta uso. "Kabla ya Eliya. Na mama asijue."

"Si bora tumwambie tu?"

"Mwambie wewe. Mwambie mgonjwa wa kifua kwamba jeneza lake liko juu ya dirisha na watalii wanalipiga picha. Mimi nitakuja kwenye mazishi. Sijui ya nani."

Nikaenda kwa jirani. Jirani yetu anaitwa Sawa. Ndilo jina lake la ubatizo, na ni jina tu; kwake hakuna kilicho sawa, hata uzio umelewa.

"Karibu, bwana harusi," alisema. Ananiita hivyo tangu nioe. Tangu niolewe, kwa lugha yake.

"Sawa, nahitaji mbao sita. Ndefu na kavu."

"Mfalme wa mbao za kuokota anakuja kuomba? Za nini?"

"Za kabati."

"Kabati la nguo au kabati la mtu?"

Nikajifanya naukagua uzio wake. Akanitazama, akageuka akatazama madirisha ya nyumba yetu ng'ambo ya barabara, akarudisha macho kwangu. Nikaona habari inamwingia polepole. Halafu akacheka mpaka akaushika uzio, nao uzio ukainama pamoja naye.

"Umemkata mama mkwe wako," alisema alipopata pumzi. "Hajafa, na tayari yuko dirishani."

"Unazo mbao au huna?"

"Ninazo. Lakini mdomo wangu huu haufungwi bure. Utanikatia korongo, madirisha yote, hata la chooni."

Nikakubali. Maji yakishafika shingoni hata korongo wa chooni unawakubali.

Mbao za Sawa zilitoka kwenye sakafu ya shimo lake la kuhifadhia chakula, mahali ambapo pipa la kabichi chachu lilikaa tangu enzi za babu yake. Sina la kuongeza, pua zenu zinajua zilivyonuka. Kesho yake nzima niling'oa misumari, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka chai nzito ili zipate rangi ya asali. Rangi ilikuja. Harufu haikuondoka. Nikapaka utomvu wa msonobari juu yake, na sasa zikanuka kabichi iliyolala msituni.

Siku ya Eliya tukatoka kanisani, jua kali, na Baba Konstanty akaja nyumbani kwetu kula keki ya viazi. Mbao zilikuwa zimelazwa kwenye majani uani, sita, sambamba, zimetulia kama hazina dhambi. Sawa alikuwa ameegemea uzio wetu tangu asubuhi. Alisema anaota jua.

Bibi Eudokia alikuja taratibu, kitambaa cheupe kichwani. Akasimama. Akagonga ubao wa kwanza kwa fimbo, akasikiliza. Akagonga wa pili.

"Nilazeni," alisema.

"Mama," Tamara akasema, "kwenye jua hili?"

"Nikifa mtanilaza bila kuniuliza. Leo nalala nikiwa na akili zangu. Nilazeni."

Tukamshika huku na huku, tukamlaza. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Pale pale nilimwonea huruma, mzee wa watu anajaribu jeneza lake kwa heshima zote, na mimi nimemwekea kabichi.

Pua yake ikacheza.

"Nanusa chakula."

"Ni keki ya viazi, mama. Iko jikoni."

"Keki haina siki." Akageuza kichwa, akaupapasa ubao kwa kidole. "Na haya matundu?"

"Wadudu, mama."

"Wadudu wametoboa kwenye mstari ulionyooka? Walikuwa na rula?"

Kule kwenye uzio Sawa akapaliwa na mate yake. Baba Konstanty akaanza kuchunguza mawingu, ingawa mbingu ilikuwa tupu.

"Anatol," alisema mama mkwe, bado amelala, bado amefumba macho, "mbao zangu ziko wapi?"

Mficha maradhi kifo humwumbua, wahenga walisema, nami nilikuwa nimeshaumbuka kwa maradhi ya mtu mwingine. Nikapiga magoti karibu yake.

"Mama, nimezikata. Nilidhani ni takataka za darini. Ziko juu ya madirisha. Hizi unazolalia ni za Sawa. Nisamehe."

Tamara aliushika ukuta.

"Nisimamisheni," alisema Bibi Eudokia.

Tukamsimamisha. Akaenda mpaka kwenye dirisha la mbele, akainua fimbo, akamgusa jogoo mmoja kwenye mkia. Akamtazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nangoja fimbo hiyo ishuke kichwani kwangu, na kusema kweli niliitaka ishuke, ili yaishe.

"Zilikuwa ngapi?"

"Sita."

"Urefu?"

"Ndefu, mama. Kunizidi mimi kidogo."

"Njoo hapa. Simama wima."

Nikasimama. Akasogea akasimama kando yangu, bega kwa bega, ila bega lake lilinifika kwenye mbavu.

"Kimo changu ndicho hiki," alisema, "na mume wangu alikuwa fundi seremala tangu ujana. Unadhani Bazyli angenipasulia mimi mbao za kumzikia farasi?"

Sikuelewa. Nikamtazama Tamara, naye hakuelewa.

"Zile ndefu si zangu, Anatol. Zile ni zako."

"Zangu vipi?"

"Wiki ya harusi yenu Bazyli alikuja jikoni akaniambia, yule kijana ni mrefu, nimempima kwa macho, ule msonobari wa nyuma ya kisima utamtosha. Nikamwambia, wewe una wazimu, kijana hajamaliza hata kula keki ya harusi, unampasulia jeneza? Akaniambia, Eudokia, mgeni hapasuliwi mbao. Mimi nampasulia." Akakohoa kidogo. "Alipokuwa anakufa alikataza zisiguswe. Alisema ni za kijana."

Kutoka utosini hadi viatuni, na tena kutoka viatuni hadi utosini. Mzee alikuwa ananipima.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza, na sauti ilinitoka vibaya.

"Nani anamwambia mkwe wake, karibu nyumbani mwanangu, jeneza lako liko darini?"

Nikakaa juu ya mbao za kabichi nikalia. Sina mzaha kwa hili. Miaka yote nimeitwa aliyeolewa, nimecheka nao kwa nje na kukunja ngumi ndani, na kumbe juu ya kichwa changu kulikuwa na mbao sita zinazosema mimi ni mtoto wa nyumba ile. Mtu mmoja tu alinikubali, akalisema kwa lugha ya mbao, na mimi nikamkata majogoo.

Hata Sawa aliacha kuota jua. Alivua kofia, akasema, "Pole, Anatol." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

"Sasa mimi nitazikwa na nini?" nikauliza.

"Na mbao za kununua, kama yeye," alisema mama mkwe, naye alikuwa amechangamka, amepata rangi usoni kuliko wiki nzima. "Utamkuta huko na za dukani, mtalinganisha mafundo. Ila majogoo wamekaa vizuri pale. Mbao ya Bazyli haijawahi kuonekana na watu namna hii. Waache hapo hapo."

Tamara alinishika bega. Nikadhani, basi, kwa mara moja katika maisha yangu jambo limekwisha vizuri. Mnanijua kwa majuma mengi sasa. Mngenionya.

"Haya, machozi baadaye," alisema Bibi Eudokia. "Jua linapungua. Niletee zangu."

"Zako?"

"Zangu, za mwili huu huu mfupi. Bazyli alinipasulia mimi kwanza, halafu wewe. Ziko huko huko darini, nyuma ya mizinga ya nyuki. Na usije ukaniletea kabichi tena, nitajua."

Damu yangu ilijua kabla yangu. Iliondoka usoni yote.

Baba Konstanty alijifuta makombo ya keki ndevuni. Ni mtu mwema, na mtu mwema hajui kunyamaza panapohitajika.

"Mungu ni mwema," alisema. "Kila mtu na mbao zake. Na wewe Anatol usijilaumu mno, mkono wako una baraka. Kila asubuhi nawatazama wale malaika wa dirishani kwangu nashukuru. Na ile mbao yao! Nimeikagua mwenyewe. Haina hata tundu moja la msumari."

Tamara aliuondoa mkono begani kwangu.

"Anatol," alisema taratibu. "Malaika wa Baba Konstanty uliwakata kwenye mbao gani?"

Mama mkwe naye aligeuka kunitazama, mikono miwili juu ya fimbo, akingoja. Ngazi ilikuwa pale pale kwenye ukuta wa ghala. Nikaishika, nikaanza kupanda, polepole iwezekanavyo, kuelekea nyuma ya mizinga ya nyuki, ambako nilijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba hapakuwa na kitu.